Laki tano na nusu ya Mwanjelwa, au kituo cha afya Makete?

Shikamoo dada mshauri,

Nina miaka 26, nina stashahada ya maabara na nimesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye maabara binafsi hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Tuko wawili tu, mimi na dada wa mapokezi. Damu natoa mimi, hadubini yangu, mashine ya FBP (kipimo cha picha nzima ya damu) yangu, majibu nasaini mimi. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 2 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Saa moja ya chakula ipo kwenye mkataba tu. Nakula huku sentrifuji inazunguka. Likizo kamili sijawahi kwenda.

Mshahara tuliokubaliana ni 550,000. Nakatwa mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, 55,000 na kodi 18,000. Tangu mwezi wa tatu bosi ananikata pia 40,000 kila mwezi, anasema ni fidia ya vipimo vya malaria na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya FBP vilivyoisha muda mikononi mwangu. Nabaki na 437,000.

Matumizi yangu ni haya: chumba Ilomba 80,000 (nalipa miezi sita kwa mkupuo), nauli 44,000, chakula 130,000, gesi na umeme na maji 35,000, mdogo wangu anayesoma Tukuyu 80,000, mama 40,000, vocha 20,000. Jumla 429,000. Nabaki na elfu nane, na hapo hakujatokea msiba wala mchango wa harusi.

Sasa mambo matatu yamekuja kwa pamoja. Jina langu limetoka kwenye orodha ya walioitwa kazini serikalini: Mteknolojia Daraja la II, Maabara, Halmashauri ya Wilaya ya Makete, ngazi ya mshahara TGHS B. Natakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Bosi aliposikia akasema nikibaki atanipandisha hadi 650,000. Halafu kuna kaka mmoja anafungua maabara Tunduma, yeye anataka cheti changu tu kitundikwe ukutani, atanilipa 200,000 kila mwezi bila mimi kukanyaga huko.

Rafiki zangu wananitisha kuwa Makete ni baridi na mshahara wa kwanza unachelewa. Niende au nibaki? Hiyo laki mbili ya Tunduma ina ubaya gani kama kazi siifanyi mimi? Na zile elfu arobaini, naweza kuzidai?

Mteknolojia wa Ilomba, Mbeya

*

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na Tunduma, maana ukikosea hapo utazipoteza na hizo kazi nyingine mbili.

Maabara binafsi husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya chini ya sheria ya mwaka 1997, na usajili hautoki bila jina la mtaalamu mwenye sifa atakayeisimamia. Wewe mwenyewe uko chini ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya kwa sheria ya mwaka 2007. Cheti chako kikitundikwa kule, kila jibu linalotoka limetoka chini ya usimamizi wako, uwe upo au haupo. Hapo kwenye benchi atawekwa kijana aliyefundishwa wiki mbili.

Chukua kipimo kinachoonekana chepesi kuliko vyote, kundi la damu. Mama mjamzito amekuja, ni O hasi. Kijana anadondosha anti-D, kimiminika cha kuonyesha kama damu ni chanya au hasi, kwenye kigae, anachanganya, anaitwa mapokezi, anarudi dakika zimepita. Kingo za tone zimeanza kukauka na kuonyesha chembechembe. Yeye anadhani damu imegandana, anaandika O chanya. Kadi ya kliniki inabeba jibu hilo mpaka siku ya kujifungua. Mtoto ni chanya, mama hapewi sindano ya kinga, nayo huitwa anti-D, ndani ya saa 72, kwa sababu kadi inasema haihitaji. Mwili wake unatengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, na mimba inayofuata ndiyo inayoumia. Faili likifunguliwa, jina linalotafutwa ni la aliye ukutani. Baraza likikufuta, hutasaini jibu Tunduma, Mwanjelwa wala Makete. Mjibu leo kwamba haiwezekani, na mjibu kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki nao.

Tuje kwenye mshahara wako. Kodi yako imekokotolewa sawa: 550,000 toa NSSF 55,000 inabaki 495,000, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, na 225,000 inayobaki inatozwa asilimia 8, yaani 18,000. Ulipaswa kupokea 477,000. Hapo sina ugomvi na bosi wako. Ugomvi wangu naye uko kwenye saa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Jedwali lake linaonyesha namna ya kupata bei ya saa moja: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Kwako, 550,000 gawa kwa 4.333, gawa kwa 45, unapata kama 2,821. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 4,231. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu, kila saa inalipwa mara mbili, 5,641. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Hiyo ni ndogo, haifiki hata shilingi 150 kwako, ila ni haki pia.

Sasa hesabu wiki yako. Saa 12 mara siku 6 ni 72. Hata tukimwachia bosi ile saa ya chakula, zinabaki 66, na zilizozidi ni 21 kila wiki. Kwa mwezi zinafika kama 91, na kwa 4,231 ni takriban 385,000. Hiyo ndiyo kazi unayoifanya bure kila mwezi. Tena sheria inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, kwa makubaliano, kwa hiyo ratiba yako imevuka mpaka hata kama angekuwa anakulipa. Na ile saa ya chakula nayo, mwajiri halazimiki kuilipa endapo umeachwa upumzike kweli. Ukitakiwa kubaki ukisubiri sampuli, ni saa ya kazi.

Atakujibu kwamba wewe ni inchaji, na mainchaji hawana ovataimu. Kweli, sura ya saa za kazi haiwahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Lakini mtu aliye peke yake maabara, anayetoa damu, kusoma slaidi na kuosha vioo, anamsimamia nani? Cheo kwenye mlango hakibadilishi kazi. Atasema pia kwamba 550,000 ilijumuisha saa zote. Soma mkataba. Kipengele kinachokupa chini ya kiwango cha sheria hakisimami hata kama ulikisaini.

Kwa hiyo ile nyongeza ya kufika 650,000 itazame kwa jicho hilohilo. NSSF inakuwa 65,000, inayotozwa kodi ni 585,000. Hapo umevuka 520,000, mahali ambapo kodi inaruka kutoka asilimia 8 hadi 20, kwa hiyo PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakuwa 20,000 pamoja na 13,000, yaani 33,000. Mkononi ni 552,000. Ameongeza laki moja, wewe umeipata 75,000. Na ukigawanya hiyo 650,000 kwa saa 286 unazofanya kwa mwezi, kila saa inalipwa kama 2,273, chini ya ile 2,821 ambayo mkataba wako wa sasa ungekupa kwa saa 45. Angekuambia 550,000 ileile na anaajiri mtu wa pili wa jioni, ningeisikiliza kwa makini zaidi kuliko hii.

Zile elfu arobaini. Sheria hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara mpaka mambo haya yatimie: hasara imetokea kazini na kwa kosa lako, amekuandikia sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, amekupa nafasi ya kupinga, kiasi chenyewe hakizidi hasara halisi, na makato yote hayazidi robo ya malipo yako. Ya mwisho ameitimiza, 40,000 haifiki robo. Hizo nyingine, kwa ulivyoeleza, sioni hata moja. Hakuna barua, hakuna hesabu, hakuna kikao.

Na je, kosa ni lako? Swali hili linajibiwa na kadi ya stoo. Nani aliagiza, aliagiza kiasi gani, na maabara inapima wagonjwa wangapi? Vitendanishi vya mashine ya FBP vina tarehe mbili: ile iliyochapwa na kiwanda, na idadi ya siku vinazodumu baada ya kufunguliwa. Maabara yenye wagonjwa wachache ikinunua chupa kubwa kwa sababu bei ya jumla ni nafuu, chupa itafikisha siku zake ikiwa nusu, hata angekuwa kazini nani. Vivyo hivyo vipimo vya malaria: ukiletewa maboksi mengi yaliyobakiza miezi miwili kwa kuwa muuzaji alishusha bei, hasara ilinunuliwa dukani. Lako wewe ni kutoa kwanza kinachokaribia kuisha, kuandika tarehe ya kufungua kwenye kila chupa, kufunga vizuri kopo la vijiti vya mkojo maana unyevu unaviharibu, na kumwandikia bosi mapema kwamba kitu fulani kina wiki nane na hakitaisha. Kama uliandika, hata kwa ujumbe wa simu, una ushahidi mzuri sana. Kama stoo haina kadi kabisa, hata yeye hana cha kuonyesha kwamba kosa ni lako.

Mwandikie barua ya ukurasa mmoja: mshahara wa msingi, bei ya saa, saa za ziada kwa kila mwezi, makato ya 40,000 kuanzia mwezi wa tatu, jumla unayodai, na siku unazompa kujibu, saba zinatosha. Saa zako ziandike kutoka kwenye daftari lako mwenyewe au ujumbe wa kufungua na kufunga. Usipige picha rejesta ya wagonjwa kama ushahidi. Ile ina majina na magonjwa ya watu, na utajitafutia kosa jingine. Asipolipa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya Mbeya. Unajaza fomu namba 1, unampelekea nakala mwajiri na kupata uthibitisho kwamba amepokea, halafu unaipeleka Tume. Huhitaji wakili hatua ya usuluhishi. Angalizo kubwa ni muda: madai ya namna hii yanapaswa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na kufukuzwa kazi ni siku 30. Ukichelewa lazima uombe ruhusa na utoe sababu ya kila siku uliyochelewa. Wengi wanapoteza haki zao hapo, wakingoja "bosi kasema mwezi ujao".

Kabla hujaondoka, angalia pia taarifa yako ya michango NSSF. Usiridhike na hati ya mshahara. Kukatwa 55,000 na 55,000 kufika ni mambo mawili, na mwajiri anatakiwa aweke angalau nyingine ya kiasi hicho juu yake. Miezi yenye pengo iandike, peleka hati zako za mshahara ofisi ya NSSF. Wao ndio wenye meno ya kumdai.

Haya, Makete.

Ngazi za mishahara hubadilika kila waraka mpya unapotoka, kwa hiyo nafanya hesabu kwa 800,000 kamili ili uone jinsi makato yanavyokwenda. Wewe weka tarakimu iliyo kwenye barua yako ya ajira. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unakatwa asilimia 5, ni 40,000. Inayotozwa kodi inabaki 760,000, PAYE ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, ni 24,000. Chama cha wafanyakazi, kwa watu wa afya ni TUGHE, asilimia 2, ni 16,000. Mkononi 652,000. Kwa saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, siyo 66.

Viko vingine viwili visivyoonekana kwenye hiyo 652,000. Mwajiri serikalini anakuchangia PSSSF asilimia 15, yaani 120,000 kwa mfano huu, dhidi ya 55,000 ya sasa. Na NHIF inamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, wazazi wakiwemo. Mwandikishe mama wiki ya kwanza. Ile 40,000 unayomtumia itabaki kuwa ya chakula, maana mgonjwa mmoja wa presha nyumbani humaliza akiba ya mwaka kwa vipimo na dawa peke yake.

Baridi ni kweli. Utanunua mablanketi mazito, koti, na mkaa utaisha haraka kuliko Ilomba. Mchele unapanda kutoka Mbarali na Kyela, kwa hiyo ni ghali. Viazi, maharage, kabichi na ngano viko mlangoni. Nauli ya kila siku inaweza kufa kabisa ukiishi jirani na kituo, lakini nauli ya kwenda kwa mama na kwa mdogo wako Tukuyu itakuwa safari ya kupanga. Kodi inategemea kama kuna nyumba ya mtumishi. Usikisie. Halmashauri ikishakutajia kituo, tafuta namba ya mganga mfawidhi umwulize: nyumba ipo au watumishi wanapanga kijijini? Maabara ina watu wangapi? Umeme ni wa gridi au wa sola, na friji inafanya kazi? Posho ya kuitwa kazini nje ya saa za kawaida ililipwa mara ya mwisho mwezi gani? Hilo la mwisho liulize hivyohivyo, mwezi gani. Ukiuliza "posho ipo?" utajibiwa ipo. Malipo hayo vituoni hutegemea makusanyo, kwa hiyo yanakuja na kukatika. Usiyaweke kwenye bajeti ya kodi wala ada.

Rafiki zako kuhusu mshahara wa kwanza hawakudanganyi. Unaripoti na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA na akaunti ya benki, taarifa zinaingizwa kwenye mfumo, unapata cheki namba, yaani namba yako ya mshahara serikalini. Zikiingia baada ya mishahara ya mwezi huo kufungwa, unasubiri mwezi unaofuata na uliofanyia kazi unakuwa malimbikizo. Jina lililotofautiana herufi moja kati ya NIDA na cheti linaweza kukurudisha nyuma wiki nzima. Lisahihishe kwa hati ya kiapo kabla ya kupanda gari. Nauli na posho ya kujikimu ya ajira mpya idai kwa maandishi siku ya kuripoti, ila ichukulie kama fedha itakayokuja baadaye.

Kwa hiyo unahitaji fedha ya miezi miwili mkononi. Kwenye orodha yako, chakula, nishati, mdogo wako na mama ni 285,000. Mara mbili ni 570,000, ongeza nauli na mablanketi. Najua una elfu nane. Fedha ipo kwa bosi wako: likizo. Sheria inakupa siku 28 kwa kila mzunguko wa mwaka, na ukiondoka bila kuichukua inalipwa. Kwa mwaka ambao haujatimia ni mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Likizo ya mzunguko mmoja peke yake inakaribia mshahara wa mwezi. Chumba cha Ilomba, kama miezi bado imebaki, zungumza na mwenye nyumba umletee mpangaji mwingine akurudishie kilichobaki. Kama uko kwenye kikoba, omba mkopo huko. Mikopo ya simu na ile ya mtaani wanayoiita kausha damu usiisogelee. Riba yake inahesabiwa kwa wiki, na mshahara wako wa kwanza hauna tarehe.

Notisi ndiyo inayonipa wasiwasi. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, nawe una 14 za kuripoti. Andika barua leo, taja tarehe unayoondoka, ambatisha nakala ya tangazo la kuitwa kazini, na omba akusamehe siku zilizobaki za notisi. Wengi wakiombwa kwa adabu wanakubali. Akikataa, siku pungufu zinaweza kuhesabiwa dhidi yako kwenye malipo ya mwisho, na hapo unalinganisha tu: siku 14 za mshahara wa 550,000 ni kama 257,000, dhidi ya nafasi ya ajira ambayo ukiikosa anaitwa mwingine. Kumbuka fedha ya likizo itapungua kwa kiasi kitakachokatwa kufidia notisi. Barua ipelekwe nakala mbili, moja isainiwe "nimepokea" na tarehe. Dai cheti cha utumishi. Na siku hiyohiyo shusha cheti chako ukutani, uiandikie Bodi ya Maabara Binafsi kwamba husimamii tena maabara hiyo, kisha ulijulishe Baraza kituo chako kipya. Kuna wateknolojia majina yao yanaendelea kutoa majibu miaka miwili baada ya wao kuondoka.

Kwa maoni yangu, nenda. Kuna watakaokushauri usubiri kazi ya mradi wa utafiti hapa Mbeya kwa sababu inalipa zaidi. Inalipa kweli, lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi wa miradi ya afya waliambiwa wabaki nyumbani ndani ya siku chache. Mwenye mdogo wa kusomesha anahitaji mshahara unaojulikana.

Ukifika huko, mambo mawili yanaweza kukurudisha kwenye elfu nane. La kwanza ni mkopo wa benki. Mtumishi wa umma lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na maofisa wa benki watakuja na karatasi inayokuonyesha kiasi kikubwa kabisa unachoweza kuchukua mpaka ifikie hapo. Kwa 800,000 theluthi ni 266,667. Hiyo ni chini ya mahitaji yako manne niliyotaja, kabla ya nauli. Subiri uthibitishwe kazini baada ya mwaka wa matazamio, kisha kopa kwa kitu kinachoonekana: kiwanja, au ada yako ya shahada. Mwenye shahada huanzia ngazi ya juu zaidi, na hilo ni pandisho kubwa kuliko nyongeza ya kila mwaka. Ila ukisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, jua kwamba marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yanakatwa juu kwa juu, nayo iwekwe kwenye hesabu kabla hujaijaza fomu.

La pili ni sindano. Mkoa wa Njombe ndio uliokuwa na kiwango cha juu kabisa cha VVU nchini kwenye utafiti wa 2022 hadi 2023, asilimia 12.7 ya watu wazima. Sanduku la vitu vyenye ncha kali liwe upande wa mkono unaotolea damu, lisijazwe kupita robo tatu, na kifuniko cha sindano usikirudishe. Ukijichoma, osha kwa maji tiririka na sabuni bila kukamua, andika kwenye daftari la ajali, na anza dawa za kinga mapema, saa za kwanza ni bora na mwisho kabisa ni saa 72. Unazimeza siku 28. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, mwezi sifuri, wa kwanza na wa sita, anza hapa Mbeya kama hujaipata. Ajali ikikuletea ugonjwa au ulemavu, fidia inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, hukatwi senti. Lakini bila ile kumbukumbu ya siku ya ajali hutakuwa na cha kuwasilisha.

Michango yako ya NSSF iache ilipo. Sheria za hifadhi ya jamii zinaruhusu vipindi vya NSSF na PSSSF kujumlishwa unapotafutiwa sifa ya pensheni, ambayo ni miezi 180. Hii miaka yako ya Mwanjelwa inahesabika, mradi michango iwe imefika, na ndiyo maana ile taarifa ya NSSF nataka uichukue wiki hii ukiwa bado Mbeya na hati zako za mshahara ziko mkononi.